Rebmann wa Rabai

Punda alikuwa mmoja, wagonjwa wawili. Tarehe 25 Agosti 1846, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipanda vilima vya Rabai, kaskazini magharibi ya Mombasa, wote wakitetemeka kwa homa. Mmoja akipanda mnyama, mwenzake anajikokota nyuma, akichoka, wanabadilishana. Baadaye Krapf aliandika kwamba ni nadra misheni kuanzishwa na watu dhaifu kiasi kile. Yeye alikuwa na miaka 36 na alishazoea mateso ya Afrika. Rebmann alikuwa na miaka 26, na hakuwa amemaliza hata miezi mitatu tangu ashuke chomboni Mombasa tarehe 10 Juni.

Krapf tunamjua. Jina lake limo katika kila historia ya Kiswahili, shule na mitaa vimepewa jina lake, na kamusi yake kubwa ya mwaka 1882 bado inafunguliwa na wachunguzi wa lugha. Rebmann hupewa sentensi moja: ndiye Mzungu aliyeandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaelezea asubuhi moja katika maisha ya mtu aliyekaa Rabai miaka 29. Miaka iliyobaki aliitumia kwa kazi isiyo na mandhari wala nishani, kazi ya kukaa na watu na kuwasikiliza wanavyosema.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji karibu na Stuttgart katika ufalme wa Württemberg, kwa watu wa kilimo. Nyumba nyingi za eneo lile zilishika dini kwa bidii kubwa, na vijana wake wengi walikwenda Uswisi, kwenye chuo cha wamisionari cha Basel. Rebmann alikwenda huko pia, kisha akapelekwa Islington, London, kwa sababu chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilikuwa na fedha lakini hakikuwa na Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda kufa Afrika. Kwa hiyo kabla hajasikia neno hata moja la Kiswahili, Mjerumani huyu alikuwa amekwisha kujizoeza kuishi na kuomba kwa lugha isiyo yake. Nadhani hilo lilimsaidia kuliko masomo yote ya darasani.

Mombasa aliyoikuta ilikuwa chini ya Seyyid Said, ambaye Krapf alikuja na barua yake kutoka Unguja mwaka 1844. Ilikuwa pia Mombasa yenye kaburi. Miezi michache baada ya kufika, mke wa Krapf, Rosine, alifariki Julai 1844 kwa homa, na binti yao mchanga naye akafa. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliposema na CMS kuhusu kaburi hilo, alilitaja kama dalili ya ushindi ujao. Mtu aweza kuvutiwa na imani ya namna hiyo na bado akajiuliza kijana anayetumwa kuwa msaidizi wake alijisikiaje aliposikia habari hizo. Rebmann mwenyewe alishikwa na homa siku chache tu baada ya kutua.

Kwa nini Rabai na si Mombasa? Krapf alikuwa ameona kwamba mji wa Waislamu wenye wanazuoni wao haukumngojea yeye aulete mwanga. Vilima vya bara vilikuwa na hewa nafuu, na wazee wa Rabai, mmoja wa miji ya makaya, walikubali wageni wajenge. Watu wa pwani walikuwa wakiwaita wenyeji hao Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Leo ni Mijikenda. Wazee hawakuwa wajinga wa siasa. Walikuwa wamezungukwa na Wakwavi na Wamasai upande mmoja, na wakubwa wa Mombasa upande wa pili. Mzungu mwenye barua ya Seyyid alikuwa mgeni ambaye huenda akafaa siku moja, na kwa sasa hakuwa na madhara.

Kwa Rebmann, kuhamia Rabai kulikuwa na maana ya kujifunza lugha mbili kwa mpigo: Kiswahili cha Mombasa, ambacho ndicho kilichopitisha biashara na barua, na Kirabai, ambacho ndicho kilichosemwa mlangoni pake. Hakuwa na kitabu cha kujifunzia. Alikuwa na karatasi za Krapf, aliyeanza kuorodhesha maneno mara tu alipofika na ambaye Juni 1844 alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Inafaa kusimama hapo kidogo. Hatua za kwanza za Biblia ya Kiswahili zilipigwa nyumbani kwa kadhi, mtu wa Kurani na wa mashairi, ambaye alimpa mgeni wa dini nyingine sarufi na msamiati bila kumwogopa.

Mwenye Kiarabu kama Krapf alikuwa na daraja la kuvukia. Daraja hilo halikufika mbali Rabai. Ukiwa na wazee wa kaya, wanaozungumza juu ya mvua, mizimu na ng'ombe wa mahari, Kiarabu hakina msaada. Hapo ilibidi kuketi. Wamisionari hao wawili walikwenda shamba kwa shamba, wakawakuta watu wakilima au wakinywa tembo, wakazungumza nao juu ya dhambi na wokovu kwa lugha waliyokuwa bado wanaikosea, na wakarudi jioni na maneno mapya zaidi ya waumini wapya. Watu waliwasikiliza kwa adabu. Wengine waliuliza maswali magumu. Wengi waliona kwamba habari hizi ni za Wazungu, kama vile Uislamu ulivyokuwa wa Waswahili, na kwamba wao wana mambo yao. Mlio wa mwanza, ngoma ya siri ya wazee, ulipovuma, wote wasiostahili kuiona walijificha, na wamisionari waliudhika waziwazi. Krapf na Rebmann hawakuwa watu wa kuficha maoni yao juu ya mila za wenyeji, na baadhi ya waliyoyaandika leo yanasomeka vibaya. Lakini waliyaandika kwa maneno ya wenyeji, na hiyo ndiyo sababu wanahistoria wa Mijikenda bado wanayafungua maandishi yao. Mwaka 1848 Injili ya Luka kwa Kinyika ilitoka mitamboni Bombay, kazi ya Krapf, wakati Rebmann alikuwa bado mwanafunzi.

Oktoba 1847 Rebmann alitoka Rabai kwenda Taita, hadi mlima Kasigau. Kiongozi wa msafara alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara kwa biashara ya pembe. Tarehe 27 Aprili 1848 walitoka tena, safari hii kwenda Uchagga. Rebmann hakubeba bunduki. Alikuwa na mwavuli na Biblia, na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei asubuhi aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Akamwuliza Bwana Kheri, na Bwana Kheri akamwambia kwamba kule juu ni baridi. Kijana aliyesoma Uswisi hakuhitaji zaidi. Baadaye wenyeji walimsimulia habari za mtawala wa Machame aliyewahi kutuma watu wapande kuuchunguza ule weupe, na kwamba aliyerudi alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Kwa Rebmann ushahidi huo wa mdomo ulitosha kuthibitisha alichokuwa ameona kwa macho.

Huko Kilema alipokewa na Mangi Masaki, na kipande cha ngozi ya kondoo aliyechinjwa kikavishwa kidoleni mwake kama fungamano la urafiki. Mwaka huohuo alirudi Uchagga, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, na Aprili 1849 akaondoka kwa mara ya tatu na wapagazi 30, akikusudia kuvuka Machame na kufika hadi Unyamwezi. Hakufika. Mamkinga, ambaye hapo awali alikuwa mpole, sasa alidai nguo baada ya nguo, mpaka mali yote iliyokusudiwa kulipia njia ya mbele ikaisha. Rebmann alilia mbele yake, kwa maelezo yake mwenyewe. Wakati wa kuagana alitemewa mate ya baraka, na baraka yenyewe ikadaiwa malipo. Alirudi Rabai Juni akiwa hoi kwa homa na kuhara.

Ukisoma habari hii kwa upande wa Rebmann, Mamkinga ni mwivi. Kwa upande wa Machame, mtu amekuja na shehena ya nguo, hanunui pembe, hanunui watumwa, hana vita, na anataka kupita kwenda kwa wengine na mali yake. Mtawala gani wa njia za biashara angemwachia? Rebmann alikuwa amejifunza maneno mengi, lakini hesabu ya heshima na hongo katika safari za bara bado ilikuwa inamponyoka. Bwana Kheri aliijua, na kwa bahati mbaya Bwana Kheri hakuacha kitabu.

Habari ya theluji ilichapishwa London Mei 1849 katika gazeti la CMS, na ikamkuta William Desborough Cooley. Huyu alikuwa mwanajiografia wa mezani, aliyeijua Afrika bila kuikanyaga. Mwaka 1845 alikuwa amechapisha maelezo ya ziwa kubwa la ndani, akitegemea vitabu vya Wareno na mazungumzo na watu wa Unguja waliofika Uingereza, akiwamo Khamis bin Uthman. Cooley alipinga theluji karibu na ikweta, akapinga tena katika kitabu cha mwaka 1852, na akaendelea kupinga hata baada ya Baron Carl Claus von der Decken kufika mlimani mwaka 1861 na kurudi 1862, akapanda zaidi ya mita 4,000 na kukutwa na theluji ikianguka. Kinachochekesha ni kwamba Cooley na Rebmann walitumia njia moja: wote wawili waliwauliza Waswahili. Tofauti ni kwamba mmoja alikwenda kuangalia, na mwingine aliamini kwamba waliosema jambo asilolipenda wameeleweka vibaya.

Baada ya safari ya tatu, Rebmann hakutafuta tena umaarufu wa njiani. Hapo ndipo alipoachana na Krapf kimawazo. Krapf alikuwa na ndoto ya mnyororo wa misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi, na kila kituo kwake kilikuwa hatua ya kwenda mbele. Desemba 1849 alikuwa Ukambani, akiuona Mlima Kenya. Rebmann aliona kwamba haifai kukimbilia mbele ilhali watu wa mlangoni hawajaeleweka. Mwaka 1851 alimwoa Emma, Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni Misri, akarudi naye, na kituo kikahamia Kisulutini, palepale Rabai. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Mwaka 1853 Krapf, afya ikiwa imevunjika, aliondoka, na ingawa alifika tena pwani miaka ya 1860 na Wamethodisti, hakukaa. Rebmann alibaki.

Mwaka huohuo wa 1853 alianza kazi ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko theluji. Hapo pwani kulikuwa na mtumwa aliyeitwa Salimini. Jina hilo ni la Kiswahili, walilompa watu wa pwani. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa. Alikuwa ametekwa miaka kama kumi kabla, katika nchi ambayo leo ni Malawi, mahali alipopaita Mphande, inaelekea katika upande wa Lilongwe. Enzi hizo Kilwa ilikuwa mlango mkuu wa watumwa waliotoka bara ya Nyasa, na watu wa huko walikuwa wengi Unguja, Mombasa na mashambani. Kila mtu aliwajua kama vibarua na watumishi. Rebmann akamwuliza mmoja wao anasemaje nyumbani kwao.

Kati ya 1853 na 1854, Salimini alizungumza na Rebmann akaandika. Jambo lenyewe ni la ajabu: mtu wa Württemberg, kwenye kilima cha Wamijikenda, akimwuliza Mchewa habari za lugha iliyokuwa mbali kwa miezi ya safari, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, lugha ya kujifunza kwa wote wawili. Mmoja alikuwa amekuja kwa hiari akiwa na mshahara na dua za watu wa kwao. Mwingine aliletwa kwa kamba. Kati yao, Mzungu ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Na mwalimu alikuwa hodari. Miaka kumi utumwani haikumfuta lugha. Alikumbuka majina ya mimea, vyombo, wadudu, magonjwa, desturi za kilimo na za maziko. Alieleza kwamba usemi wake, aliouita Kikamtunda, ni wa watu wa nyanda za juu, na kwamba Wamaravi wa kusini husema tofauti. Mti yeye aliouita kamphoni, wao waliuita mombo. Hayo si majibu ya mtu anayetoa orodha ili aachwe aende zake. Ni majibu ya mtu mwenye sikio la lugha, anayejua mipaka ya anachokijua. Wataalamu wa Kichewa leo huichukua kazi ile kuwa kumbukumbu ndefu ya kwanza ya lugha yao, na wameweza kuisahihisha na kuijadili kwa sababu Salimini alitofautisha mambo kwa uangalifu na Rebmann hakuyachanganya.

Kwa nini mmisionari aliyeshindwa kupata waumini Rabai ajishughulishe na lugha ya Nyasa? Alitumaini kwamba siku moja misheni itafika huko. Na nadhani kulikuwa na sababu nyingine. Kadiri alivyoandika Kirabai, Kiswahili na Kichewa bega kwa bega, ndivyo alivyoona ngeli zilezile zikijirudia, vitenzi vikinyumbuliwa kwa utaratibu uleule, ukoo mmoja wa lugha uliotanda kutoka pwani hadi maziwa ya ndani. Mtu akishaona hivyo, hawezi kuacha.

Masikio hayohayo ndiyo yaliyozaa ramani. Jakob Erhardt, mmisionari mwenzao aliyefika 1849, alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza wafanyabiashara wa misafara. Waliotoka Kilwa walisema mwisho wa njia yao kuna ziwa. Waliotoka njia ya katikati walisema vivyo hivyo. Waliotoka Tanga na Mombasa nao pia. Erhardt na Rebmann wakayaunganisha maji yote kuwa bahari moja ndefu, na ramani ikachapishwa Ulaya 1855 na 1856. Watu waliicheka kwa umbo lake la konokono asiye na nyumba. Ilikuwa na kosa, maana maziwa yalikuwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile la kaskazini ambalo baadaye Mwingereza John Hanning Speke alilipa jina la malkia wake. Lakini hakuna msafara hata mmoja uliokuwa umesema uongo. Jumuiya ya Kijiografia ya London iliwatuma Richard Burton na Speke, na Januari 1857 walipanda Rabai kumwomba Rebmann afuatane nao. Alikataa. Hakuwa na haja ya kupiga hatua zote zile ili kuona maji aliyokwisha kuyasikia, na Burton hakuwa aina ya mwenzi wa safari ambaye mtu wa dini angemchagua.

Mwaka huo huo mashambulizi ya Wamasai yalivunja Rabai, na Rebmann akaishi Unguja kwa muda kabla ya kurudi kwenye kilima chake. Miaka ya 1860 inapita haraka katika kumbukumbu. Abe Gunja, mzee aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji wa awali, alibatizwa, na mwanawe Nyondo akapewa jina la Isaac. Mwaka 1864 walikuja William Jones na George David, Waafrika walioachiliwa kutoka utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Mwaka 1866 Emma alifariki. Rebmann aliendelea kusahihisha: Kinyika, Kichewa, tafsiri ya Luka kwa Kiswahili. Alikuwa na udhaifu wa mwandishi asiyeweza kuachia kazi yake. Kila jibu jipya lilimrudisha kwenye ukurasa wa zamani, na CMS huko London ilipouliza matokeo, alikuwa na karatasi tu za kuonyesha. Mtu anayelipa mishahara ana haki ya kukereka. Hata hivyo naona kwamba London ilihesabu kitu kisichofaa.

Mwishoni mwa 1874 William Salter Price alifika kuanzisha makazi ya watumwa walioachiliwa, ambayo yangekuwa Frere Town. Alimkuta mzee mwenye miaka 54, karibu kipofu, katika nyumba iliyochakaa, akiwa na waumini wachache wa kuhesabika kwa vidole. Uhusiano wao haukuwa mwema. Price alikuja na fedha, meli na mpango. Rebmann alimwona kama mtu anayejenga kabla ya kuuliza. Mwaka 1875 aliondoka, miaka 29 baada ya kutua, na hakuwa amerudi Ulaya hata mara moja. Isaac Nyondo alimwongoza njiani, akiwa macho yake.

Ulaya ilimlemea. Lugha ya utotoni ilikuwa imebadilika masikioni mwake na jamaa wengi walikuwa wamekufa. Upasuaji haukumrudishia macho. Alihamia Korntal, karibu na Krapf, akaoa tena, na mwaka 1876 Injili yake ya Luka kwa Kiswahili ilichapishwa St. Chrischona, karibu na Basel. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo.

Krapf alizikusanya zile karatasi. Kamusi ya Kichewa, chini ya jina la Kiniassa, ilitoka St. Chrischona mwaka 1877, zaidi ya miaka 20 tangu Salimini amalize kuisema. Ile ya Kinyika ilisubiri hadi 1887, na wakati huo Krapf naye alikuwa amefariki na mmisionari mwingine, T. H. Sparshott, ndiye aliyeihariri. Kwenye jalada la kitabu cha 1877 kuna jina la Rebmann kama mwandishi, na la Krapf kama mhariri. Salimini utampata ndani.